Uvimbe kinywani mwa mtoto: dalili, vyanzo na mahali pa kusimama

Malalamiko kuhusu vinywa vya watoto yanayofika kwenye zahanati za Dodoma, kuanzia Bahi hadi Kongwa, ni machache na hurudi karibu kwa maneno yaleyale. Ana vipele vyeupe kwenye fizi. Ana kitu cha bluu, kama kimejaa damu. Kuna kitu kimeinuka chini ya ulimi. Akinyonya anakoroma. Wenzake wameota meno, yeye jino moja halionekani. Mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko hayo. Kila moja lina vyanzo vyake, kinachotokea mara nyingi kikitangulia na cha nadra kikifuata. Nimemwandikia mhudumu wa zahanati mwenye tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, ila mzazi naye atajikuta humu.

Ninachokitafuta zaidi nyuma ya malalamiko hayo ni vifuko, yaani uvimbe ulio kama mfuko uliofungwa, na vifuko ninavyovizungumzia ni vya maumbile. Kinywa cha mtoto hujengwa tumboni kwa vipande vinavyokutana na kuungana, na meno huchipuka kutoka kwenye utepe wa chembe unaozama ndani ya ufizi. Pale vipande vilipoungana, au utepe ulipokatika, chembe chache huweza kunaswa. Zikiendelea kutoa maji, ute au ngozi iliyokufa bila pa kutokea, kifuko huumbika. Kwa hiyo mahali kifuko kilipo ndipo panapoeleza asili yake. Swali la kwanza liwe "kiko wapi hasa?", kisha umri wa mtoto, kisha kasi ya kukua. Ukubwa uje mwisho.

Kabla ya kugusa

Kaeni magoti kwa magoti, wewe na mama, mtoto amelazwa katikati, kichwa chake kwenye mapaja yako na miguu upande wa mama. Mama anashika mikono, wewe unafungua mdomo. Angalia fizi za juu na chini, kaakaa mpaka nyuma, pande zote za ulimi, chini ya ulimi, mashavu, kisha shingo. Wengi huishia mbele kwenye fizi na kumrudishia mama mtoto.

Uliza uvimbe ulionekana lini, kama unakua, kama mtoto ananyonya na kulala vizuri. Halafu uliza kama kuna mtu aliyewahi kukata, kuchokonoa au kupaka dawa mdomoni. Swali hilo liulizwe kwa upole na bila kukunja uso, maana ukimtisha mama atakuficha, na jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu.

Vipimo vya kidole na tochi ni vitatu. Bonyeza taratibu: je, ni laini, ngumu, au kama unga uliokandwa, unaobaki na alama ya kidole? Mulika kwa tochi kutoka upande: penye maji maangavu mwanga hupenya, penye nyama au uji mzito haupenyi. Tatu, mtazame mtoto akilia. Uvimbe wa mishipa ya damu hujaa na kuiva rangi anapolia, na hufifia ukiubonyeza. Kifuko cha kawaida hakifanyi hivyo.

Dalili ya kwanza: vipele vyeupe kinywani mwa mtoto mchanga

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo inayoumiza watoto wengi bila sababu.

Chanzo cha kawaida kabisa ni vifuko vidogo vya uzazi, milimita 1 hadi 3, vyeupe au vya manjano hafifu, vigumu kidogo ukivigusa, visivyouma. Vinaonekana kwa watoto wachanga wengi. Vilivyojipanga kwenye mstari wa katikati ya kaakaa huitwa lulu za Epstein, kwa jina la daktari wa watoto wa Prague aliyevieleza mwaka 1880. Vilivyoko ubavuni mwa fizi, upande wa shavu au wa ulimi, ni vinundu vya Bohn. Vilivyo juu kabisa ya ukingo wa ufizi, pale jino litakapotokea, ni mabaki ya ule utepe wa meno. Matibabu ya aina zote tatu ni mamoja: kuviacha. Hupasuka vyenyewe na kumwaga ngozi iliyokufa, na kwa kawaida havionekani tena mtoto anapofika miezi mitatu. Usivikamue, usivisugue kwa kitambaa chenye chumvi, usipake asali.

Cha pili ni fangasi. Tofauti inaonekana kwa macho: fangasi ni utando, kama maziwa yaliyoganda, unaotoka ukiufuta kwa shashi na kuacha wekundu chini yake. Lulu hazifutiki. Fangasi wanaorudirudi kwa mtoto aliyevuka umri wa uchanga ni sababu ya kuuliza kuhusu afya ya mama na kipimo cha VVU, kwa faragha.

Cha tatu ni jino la kuzaliwa nalo. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 3,000, mara nyingi kwenye ufizi wa chini mbele, na aghalabu ni jino halisi la utotoni lililowahi, si la ziada. Likiwa limekaa imara, liache. Likiwa linacheza kiasi cha kuweza kung'oka na kumpalia mtoto, au linachubua ulimi kwa chini hadi kidonda, apelekwe kwa daktari wa meno. Kabla ya kung'oa chochote hakikisha mtoto alipata vitamini K alipozaliwa, la sivyo damu inaweza kukataa kusimama. Jamii zinazomwogopa kigego, mtoto aliyetanguliza meno ya juu, humwogopa pia aliyezaliwa na jino. Mama wa mtoto kama huyo anahitaji kusikia kwako, mbele ya mkwe wake ikiwezekana, kwamba ni jino tu lililofika mapema.

Cha nadra ni uvimbe wa nyama uliozaliwa na mtoto, unaoning'inia kwenye ufizi kwa kikonyo, laini usoni, rangi ya waridi, zaidi kwenye taya la juu na zaidi kwa watoto wa kike. Huu si kifuko, na baada ya kuzaliwa kwa kawaida haukui tena. Ukizuia kunyonya huondolewa kwa upasuaji, na haurudi.

Sasa meno ya plastiki, yaani imani kwamba jino baya ndani ya ufizi ndilo linalomletea mtoto maradhi na lazima litolewe. Mtoto anaharisha, ana homa, analia usiku, na mtu anapapasa ufizi wake na kukuta kitu kigumu cheupe. Kinachopapaswa ni ama vile vifuko, ama kichwa cha chonge la utotoni ambalo bado limo ndani ya ufizi na hufanya ukingo uvimbe kidogo. Kinachotolewa kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli au kwa kucha ni jino changa ambalo halijapata ugumu, na ndiyo maana linaonekana laini na jeupe kama plastiki. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, pepopunda au VVU kutoka kwenye kifaa kilichotumika kwa mwenzake, na wengine wamekufa. Wanaopona huweza kubaki bila chonge, au chonge la ukubwani likaja limeharibika, kwa sababu mbegu yake ilikuwa jirani na ile iliyochimbwa. Wakati huohuo kuhara kumeendelea bila maji ya chumvichumvi na zinki.

Kubishana hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa bibi tochi. "Shikamoo bibi. Hebu njoo utazame na wewe. Unaona hiki kinachong'aa hapa? Hiki kimo kwa watoto wengi wanaozaliwa hapa, waliolia na wasiolia. Mjukuu wako anaumwa tumbo, na hilo tunalitibu leo. Hiki tukiache, ukirudi naye kliniki ya chanjo utanionyesha kama bado kipo." Bibi aliyeshika tochi akaona mwenyewe huwa shahidi mzuri kijijini kuliko bango lolote la ukutani.

Usiendelee mwenyewe kama kipele kimoja kimezidi ukubwa wa punje ya mahindi, kinakua wiki hadi wiki, kina rangi nyeusi au bluu iliyokoza, au bado kipo mtoto akiwa na miezi sita.

Dalili ya pili: kuba la bluu juu ya ufizi

Mtoto ana miezi kadhaa na anaota meno, au ana miaka 6 hadi 9 na meno ya ukubwani yanakuja. Kwenye ukingo wa ufizi panainuka kuba laini, bluu au zambarau, na mzazi anadhani damu imevilia. Karibu kila mara ni kifuko cha kuota jino: maji, au maji na damu, yamekusanyika kati ya kichwa cha jino na ufizi uliolifunika. Mwache atafune vyakula vya kawaida. Jino litalipasua kuba lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache. Likiuma, likipata usaha au likikataa kufunguka, daktari wa meno hukata kidirisha kidogo juu yake na jino likajitokeza.

Uvimbe wa mishipa ya damu nao ni bluu au mwekundu, lakini hufifia ukibonyezwa. Huo usichomwe sindano na usikatwe zahanati kwa hali yoyote.

Wa nadra, ila usisahaulike: uvimbe wa bluu-nyeusi kwenye taya la juu mbele kwa mtoto aliye ndani ya mwaka wa kwanza, unaokua haraka na kusukuma jino nje kabla ya wakati wake. Upo uvimbe wa chembe zenye rangi unaokaa hivyo hasa. Tofauti yake na kifuko cha kuota jino ni kasi: kifuko hufika ukubwa wake kikatulia, huu hautulii. Mpeleke wiki hiyohiyo.

Dalili ya tatu: kitu kimeinuka chini ya ulimi

Hapa mahali hasa, katikati au upande, panatenganisha vyanzo kuliko kipimo chochote cha gharama.

Kilicho upande mmoja, cha bluu, laini, chenye ngozi nyembamba, kinachopitisha mwanga wa tochi, mara nyingi ni mkusanyiko wa mate kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ulimi. Wengi huupata baada ya kugongwa au mrija mdogo kuziba. Kwa mtoto mchanga inaweza kuwa mrija wa mate haukufunguka tangu tumboni, na kwa umri huo wakati mwingine unajifungua wenyewe. Mkubwa au unaorudi hutibiwa kwa kufungua kifuko au kutoa tezi yenyewe. Kuutoboa kwa sindano hupunguza uvimbe kwa siku chache, kisha hurudi. Nisingemtoboa mtoto kwa faida ya siku chache.

Kilicho katikati kabisa, cha rangi ya ngozi ya kinywa au manjano hafifu, kinachobonyea kama unga wa maandazi, kisichopitisha mwanga, kifikirie kuwa kifuko cha ngozi iliyonaswa. Ndani yake mna uji mzito wa ngozi iliyokufa, na mara nyingine vinyweleo na mafuta. Chembe za ngozi zilikamatwa pale pande mbili za taya la chini zilipokutana. Kikiwa juu ya msuli wa sakafu ya kinywa huinua ulimi, na mtoto huongea kama ana chakula mdomoni. Kikiwa chini ya msuli huonekana nje kama kidevu cha pili. Kinakua polepole, ndiyo maana wengi huletwa wakiwa wakubwa ingawa walizaliwa nacho. Hutolewa chote kwa upasuaji, na kikitoka kizima kwa kawaida hakirudi.

Cha tatu ni mfumo wa mirija ya maji ya limfu usiojengeka vizuri. Hauna mpaka, hujaza sakafu ya kinywa, ulimi na shingo pamoja, na ulimi unaweza kuwa na vijitone juu kama mayai ya chura. Mtoto akipata mafua tu, uvimbe unaongezeka maradufu. Huu si wa kukata kwa haraka. Wengi hutibiwa kwa sindano za kunyausha mirija kwenye hospitali kubwa.

Cha nadra zaidi, na kinachowachanganya hata wataalamu, ni kifuko kilichojengwa kwa utando wa tumbo au utumbo ndani ya ulimi au sakafu ya kinywa. Mtoto akiwa tumboni kwa mama, wiki za mwanzo kabisa, chembe za utumbo wa mbele huwa jirani na zile zinazojenga ulimi, na chache zikibaki huko huendelea kutoa ute wa tumbo mdomoni. Kwa macho kinafanana na viwili vya kwanza. Hujulikana pale kilichotolewa kinapopimwa kwa hadubini. Kwa hiyo kila kifuko kinachotolewa kinywani mwa mtoto kipelekwe maabara, hata kama daktari ana uhakika, hata kama familia inaona ni gharama ya bure.

Altrasaundi hufanya kazi kubwa hapa, haina mionzi na mtoto halazimiki kulazwa usingizi. Omba hiyo kabla ya kufikiria sitiskani (CT scan).

Dalili ya nne: anakoroma, anapaliwa, anageuka rangi anaponyonya

Hii isomwe kwanza na mwenye haraka.

Pua iliyoziba kwa makamasi ndiyo inayoongoza: safisha kwa matone ya maji ya chumvi, tazama kama sauti inaisha. Inayofuata ni zoloto laini, sauti ya kukwaruza wakati wa kuvuta pumzi inayoanza wiki za mwanzo, inazidi mtoto akilala chali na kupungua akilala kifudifudi. Wengi huacha wenyewe kabla ya miaka miwili. Halafu kuna watoto wenye taya dogo la chini, ulimi ukirudi nyuma na kuziba koo. Mtazame uso kwa ubavu utaliona.

Baada ya hao ndipo inapokuja hofu ya kweli: kifuko kwenye shina la ulimi, nyuma kabisa, ambako tochi haifiki kwa urahisi. Tezi ya shingo, ile ya thairoidi, huanzia kwenye shina la ulimi na kushuka hadi shingoni, na mrija iliopitia unapaswa kufungika. Usipofungika, kifuko huweza kukaa mahali popote njiani, na kikikaa mwanzoni mwa njia kinakuwa juu ya mlango wa pumzi. Mtoto huyu ana kilio kizito kama amefunikwa mdomo, hanyonyi kwa muda mrefu, haongezeki uzito, na huvuta mbavu ndani. Amekuwa akitibiwa nimonia mara kwa mara. Ndiyo maana nimonia ya tatu kwa mtoto wa miezi miwili asiye na homa inatakiwa imsumbue mhudumu.

Ukimshuku, usichunguze koo kwa kukandamiza ulimi kwa nguvu. Unaweza kukisukuma kifuko kikaziba kabisa. Mlaze ubavu au kifudifudi huku ukimtazama muda wote, mpe oksijeni kama ipo, usimlazimishe kunyonya, na ita gari. Kwa mtoto mchanga usafiri wa dharura wa m-mama hupatikana kwa namba 115. Muuguzi aende naye. Kutoka Kondoa au Mpwapwa hadi mjini Dodoma ni zaidi ya kilomita 100, na bodaboda si mahali pa kumbeba mtoto anayegeuka bluu.

Ndugu wa kifuko hicho ni uvimbe wa katikati ya shingo unaopanda mtoto anapomeza au anapotoa ulimi nje. Kipimo hicho hakina gharama na hakisahauliki. Ila kabla haujakatwa lazima altrasaundi ionyeshe kwamba tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Kuna watoto ambao uvimbe huo ndiyo tezi pekee waliyo nayo, na ukiutoa umewafunga kumeza kidonge maisha yao yote. Upasuaji wake, uliopewa jina la Sistrunk tangu mwaka 1920, hutoa na kipande cha katikati cha mfupa mdogo ulio juu ya zoloto, kwa sababu mrija hupita hapo, na kikiachwa uvimbe unarudi.

Dalili ya tano: jino halioti, au taya linavimba polepole

Anza kwa kuhesabu meno. Magego ya kwanza ya ukubwani hutoka karibu na miaka 6, meno mawili ya mbele juu miaka 7 hadi 8, chonge za juu miaka 11 hadi 12. Watoto wanatofautiana, hivyo linganisha upande na upande. Jino la kulia likiwa limetoka na pacha wake wa kushoto hajaonekana kwa zaidi ya miezi sita, piga eksirei.

Sababu za kawaida hazina kifuko chochote: jino la utotoni limeng'ang'ania, nafasi haitoshi, jino la ziada limekaa njiani, au mtoto alianguka akiwa mdogo. Kwa hapa kwetu ongeza kovu la meno ya plastiki: chonge haitokei kwa sababu ilichimbwa. Na kama taya limevimba karibu na jino lililooza, tafuta usaha kwanza. Kuoza kunaongoza kwa mbali. (Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa Singida na sehemu nyingine zenye floraidi nyingi majini ni jambo jingine kabisa na hayaleti vifuko.)

Eksirei ikionyesha duara jeusi lenye ukingo mweupe likizunguka kichwa cha jino lililozama, hicho ni kifuko cha jino lisiloota. Kila jino lililo ndani ya mfupa lina mfuko mwembamba wa milimita 2 au 3. Nafasi ikizidi milimita 4 au 5 shaka inaanza. Kinakua bila maumivu, kinasukuma meno ya jirani, kinaweza kuubandua mfupa ukawa mwembamba kama ganda la yai, na ukibonyeza unasikia unapasuka kidogo. Kwa mtu mzima kwa kawaida hutolewa pamoja na jino. Kwa mtoto nisingekubali jino ling'olewe kabla ya kuuliza kama linaweza kuokolewa. Daktari hufungua dirisha kwenye kifuko na kuliacha wazi, shinikizo linaisha, mfupa unajijenga, na mara nyingi jino linapanda lenyewe hadi mahali pake. Kazi hiyo inadai mtoto na mzazi wavumilivu, wa kusafisha dirisha kila siku na kurudi kliniki kwa miezi.

Kifuko cha pili katika eksirei ni kigumu zaidi kukitambua. Hupenda nyuma ya taya la chini, kwenye gego la mwisho na kupanda kuelekea sikioni, na kinajitandaza ndani ya mfupa kwa urefu badala ya kuuvimbisha. Kinaweza kufika mbali kabla uso haujabadilika. Ndani mna kitu kama jibini. Kuta zake zina tabia ya kurudi hata baada ya kutolewa, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka. Mtoto akikutwa na viwili au zaidi vya aina hii, uliza kuhusu ndugu zake, tazama viganja kama vina vishimo vidogo, piga eksirei ya mbavu. Gorlin na Goltz walieleza mwaka 1960 ugonjwa wa kurithi unaounganisha vifuko hivi, mbavu zilizogawanyika na saratani za ngozi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi saratani hizo za ngozi ni chache, na vifuko vya taya ndivyo hubisha hodi kwanza.

Sasa onyo lililo zito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Vifuko hukua kwa miezi na miaka. Taya linalovimba kwa siku, meno yenye afya yakaanza kucheza yote upande mmoja, jicho likasukumwa, tumbo likajaa, hilo si kifuko hadi ithibitike. Saratani ya Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua haraka kuliko wote kwa binadamu, hupenda mataya ya watoto wadogo, na huonekana zaidi kwenye ukanda wenye malaria nyingi kama wa Ziwa Victoria, ambako familia za Dodoma na Singida huenda na kurudi. Usimng'oe meno yanayocheza, usimpe antibayotiki ya wiki moja "tuone kwanza". Dawa za saratani huitibu vizuri ikiwahi. Rufaa ni ya leo, kuelekea kwenye hospitali yenye huduma ya saratani za watoto kama Muhimbili au Bugando.

Dalili ya sita: uvimbe katikati ya kaakaa

Kwa mtoto mkubwa, nyuma tu ya meno ya mbele, kwa kawaida ni usaha wa jino lililogongwa au kuoza. Kikiwa cha katikati kabisa, meno ya mbele yako hai na mtoto analalamika ladha ya chumvi mdomoni, kunaweza kuwa na kifuko cha mrija wa zamani kati ya pua na kaakaa. Kwa watoto ni nadra. Wengi wanaokipata wana miaka 30 na kuendelea. Hutolewa kupitia kaakaa.

Kwa mtoto mchanga, uvimbe wa katikati juu ya kaakaa au ndani ya pua, hasa kama macho yako mbali mbali au kaakaa limepasuka, usiguswe kwa sindano wala kisu. Unaweza kuwa sehemu ya ubongo au utando wake iliyoteremka kupitia tundu la fuvu. Ukiutoboa umefungua njia ya uti wa mgongo na ubongo kwa vijidudu. Sitiskani au picha ya sumaku (MRI) kwanza.

Barua ya rufaa

Barua nyingi husema "uvimbe mdomoni, tafadhali msaidie", na mtoto huanza upya kwenye foleni kama hakuwahi kuonwa. Andika umri, mahali hasa (katikati au upande gani, juu au chini), vipimo kwa milimita au sentimita, rangi, ugumu, kama mwanga unapita, tarehe mzazi alipouona kwanza na ulikuwaje wakati huo. Andika kama ananyonya, anapumuaje, uzito wake wa leo na wa kadi ya kliniki mwezi uliopita. Andika dawa alizopewa na kama kuna aliyemkata. Mzazi apige picha ya uvimbe kwa simu yake leo, kijiko au sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, na apige tena kila wiki akiwa anasubiri.

Kwa vifuko vya mifupa na chini ya ulimi, daktari wa meno wa wilaya ndiye hatua ya kwanza. Yeye ndiye atakayeamua kama mtoto aende kwa mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na taya katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwambie mzazi aulize kadirio la gharama na bima kabla ya kupanda basi, maana wengi hurudia njiani kwa nauli iliyokwisha. Baada ya upasuaji, karatasi ya majibu ya maabara ibaki nyumbani na nakala iletwe zahanati. Kifuko cha ule uji kama jibini (keratocyst) kikitajwa humo, panga eksirei ya kila mwaka, na tarehe ya kwanza iandikwe kwenye kadi kabla familia haijaondoka.